Oili ya giaboksi ya otomatiki: kumwaga kwa nati au kufungua sampo?

Kumwaga kwa nati ndiyo njia rahisi. Unalegeza nati ya chini, oili inatoka, unafunga na kujaza. Tatizo ni kwamba kwenye magari mengi hutoka thuluthi hadi nusu tu. Iliyobaki imejificha ndani ya toki konvata (kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi) na mabomba ya kupoozea. Kwa hiyo rudia. Kila mara ikitoka asilimia 40, baada ya mizunguko mitatu, ukiendesha kidogo katikati, oili ya zamani hubaki kama asilimia 22. Mimi huipenda njia hii kwa sababu ukikosea, umekosea kidogo.

Kufungua sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, ni kazi chafu, na oili itakumwagikia mkononi. Lakini unabadilisha filta na gasketi, unafuta sumaku za chini, na unaona hali halisi: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vya chuma si vya kawaida. Magari yasiyo na nati ya kumwagia hayakupi hiari.

Kwa njia yoyote, fungua kwanza nati ya kujazia. Ikigoma baada ya kumwaga, gari halitoki hapo. Pima oili iliyotoka, rudisha kiasi hicho, kisha kagua kina cha oili kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji. Na giaboksi ya CVT (aina ya otomatiki isiyo na gia za hatua) usiitilie oili ya otomatiki ya kawaida.