TAHADHARI: Jamaa anayekusanya advansi za "RTX 5080 ya GB 24"

Wakuu, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya magemu na ya wahariri wa video hapa Dar, anajitambulisha kuwa ana duka Kariakoo. Anachukua advansi ya laki tano kwa RTX 5080, kadi ya picha (graphics card) ya NVIDIA, eti yenye memori ya GB 24, eti mzigo uko njiani kutoka Dubai. Hakuna mzigo. RTX 5080 ya kompyuta ya mezani ina GB 16, ingia tovuti ya NVIDIA usome mwenyewe.

Kinachowanasa hata wajuzi ni kwamba maelezo yake mengi ni ya kweli. Chipu za GDDR7 (aina ya memori ya kadi hizi) za GB 3 zipo. Njia ya memori ya 5080 ni biti 256, kila chipu inachukua biti 32, kwa hiyo zinakaa chipu 8. Zikiwa za GB 2 unapata 16, zikiwa za GB 3 unapata 24. RTX 5090 ya laptopu imepata GB 24 kwa njia hiyohiyo. Hesabu inakubali, mtu anatuma pesa.

Ukisita anakuja na la pili: memori inapanda bei, lipia leo. Nalo ni kweli, mwishoni mwa 2025 bei zilipaa. GDDR7 inatoka kwa Samsung, SK hynix na Micron, na hao hao ndio wanaotengeneza memori ya seva za akili mnemba, yenye faida nono. Lakini hapo ndipo hadithi yake inapojikwaa. RTX PRO 6000 moja ya GB 96, kadi ya kazi za kitaalamu, inameza chipu 32 za GB 3, na inauzwa ghali mno kuliko kadi ya magemu. Chipu zikiwa adimu, nani atazipeleka kwanza kwa dalali wa Instagram?

Picha anayotuma ikuze. Ubavuni mwa boksi "24GB" imeandikwa kubwa, ila chini ya msimbo pau namba ya modeli bado inaishia na 16GD. Alisahau kufuta.

Mmoja aliyedai pesa yake alipewa "mbadala", kadi ya GTX 1050 Ti. GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ikaandika FAKE mbele ya jina: ndani ni GTX 550 Ti ya zamani iliyobadilishwa baiosi (programu ya ndani ya kadi) ijitambulishe kwa jina jingine. Windows inasoma GB 4, ila gemu likivuka GB 1 mashine inaganda.

Nilimwomba picha ya kadi ikiwa na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Akanibloku.

Ukurasa anabadilisha jina kila mara, kwa hiyo mtambue kwa picha ya boksi. Mliokwisha tuma: hifadhini meseji za muamala na mazungumzo yote, pigeni simu kwa mtandao wenu wa simu mapema kabla hajatoa hela, namba yake itumeni 15040 (namba ya kuripoti matapeli), kisha nendeni polisi mkachukue RB (namba ya taarifa yenu polisi).