Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa marafiki wanaosaidiana mizigo ya nyumbani

Kwa marafiki wanaoishi mbalimbali na ambao bado wanataka kuelezana yanayowakuta majumbani mwao, kama vile mtoto asiyelala, mzazi anayeuguzwa, ndoa iliyopoa au ajira iliyokatika, sijaona chombo kinachofaa kuliko kundi dogo la WhatsApp ambalo wanachama wake wamezoea kutumiana ujumbe wa sauti. Tathmini hii haihusu programu nzima, maana ina mambo mengi ambayo sina haja nayo. Inahusu kazi moja tu, yaani kumwezesha mtu aliyeelemewa kusema, na wenzake kumsikia, bila siri yake kusambaa.

Ujumbe wa sauti uliingizwa mwaka 2013, miaka minne baada ya Jan Koum na Brian Acton kuianzisha WhatsApp, na ubora wake mkubwa ni kwamba hauwalazimishi watu kuwa na nafasi kwa wakati mmoja. Simu ya kawaida humtaka anayeumia na anayefariji wapatikane pamoja, jambo ambalo ni gumu kwa watu wenye watoto, kazi na wagonjwa. Anayeuguza mara nyingi hupata utulivu usiku wa manane, saa ambayo wengi huona haya kumwamsha mtu. Maandishi nayo humsubiri msomaji, lakini huficha mengi. Rafiki yetu mmoja aliyekuwa akimuuguza mama yake alizoea kutuandikia, "Tunaendelea vizuri, msijali," nasi tukaridhika na jibu hilo. Alipoanza kurekodi, tulimsikia akivuta pumzi ndefu kabla ya kila sentensi, tukamsikia na mgonjwa akimwita kwa nyuma naye akiitikia, "Abee mama, nakuja," kisha akirudi kwetu na kusema, "Jamani, leo msinipe ushauri, nisikilizeni tu." Baada ya kusikia hayo ndipo tulipopanga zamu za kwenda kumpokea ili naye apate kulala.

Namna ya kurekodi imefikiriwa vizuri. Unashikilia alama ya maikrofoni na kuanza kusema, na ukiitelezesha kuelekea juu inajifunga yenyewe, hivyo mikono inabaki huru kumbeba mtoto au kukunja nguo. Unaweza pia kusimamisha kurekodi kwa muda, ukamjibu aliyekuita au ukajituliza, kisha ukaendelea pale ulipoishia, na kabla ya kutuma unaweza kujisikiliza. Uwezo huo wa kujisikiliza nauthamini kuliko mwingine wowote. Maneno yaliyosemwa kwa hasira juu ya mwenzi, mkwe au mtoto hubadilika sura pale msemaji anapoyasikia kwa sauti yake mwenyewe, na mara nyingi mtu hufuta aliyoyarekodi, akaanza upya kwa kueleza kilichomuumiza badala ya kumshtaki aliyemuumiza.

Msikilizaji naye amepewa uwezo wa kuongeza kasi hadi mara moja na nusu au mara mbili. Kwa habari za ratiba na mipango ni msaada mzuri, lakini kwa habari za majonzi ningeshauri kasi iachwe kama ilivyo, kwa sababu ukimharakisha mtu anayelia, vile vinyamazo vyake vinavyobeba nusu ya habari hupotea.

Eneo ambalo programu hii inawakosea watu wenye shida ni alama za kusomwa, zile tiki za bluu zilizoanza mwaka 2014. Mipangilio inaruhusu kuzizima katika mazungumzo ya watu wawili, lakini katika kundi haziwezi kuzimwa, na hata katika mazungumzo ya wawili, maikrofoni ya ujumbe wa sauti hugeuka bluu mara tu unapousikiliza. Aliyefungua moyo wake anaweza kuona ni nani amesikia na bado hajasema neno, wakati huenda msikilizaji yuko kazini, au ameguswa kiasi cha kukosa la kusema. Ni dosari kubwa, na dawa yake haimo ndani ya programu. Sisi tulikubaliana kwamba kimya si dharau, na kwamba asiye na nafasi ya kujibu aseme tu, "Nimekusikia, nitarudi."

Suala la siri linahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu watu wengi wanaamini wamelindwa kuliko walivyolindwa kweli. Tangu Aprili 2016 ujumbe wote wa binafsi na wa makundi hufungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu za wanaopokea tu, hata kampuni yenyewe, ambayo ni mali ya Meta, haiwezi kuusoma wala kuusikiliza njiani. Ulinzi huo ni wa kweli, lakini unawahusu watu wa nje. Siri ya mtungi aijuaye kata, na ndani ya kundi kila mmoja anaweza kusambaza ujumbe kwa wengine, kupiga picha ya skrini, au kumsikilizisha mwenzi wake aliyeketi kando. Mpangilio wa ziada wa faragha uliotolewa Aprili 2025 huzuia kuhamisha mazungumzo yote nje ya programu, nao ni wa manufaa, ila hauzuii picha ya skrini. Kwa jambo zito mno ni afadhali ujumbe wa sauti unaosikilizwa mara moja tu, ulioongezwa Desemba 2023, ambao hauwezi kusambazwa wala kurudiwa. Hata huo unaweza kurekodiwa na simu nyingine iliyowekwa karibu, kwa hiyo uaminifu wa watu unabaki kuwa ngao ya kwanza.

Lipo pia jambo la nakala rudufu, ambalo wengi hulipuuza. Mazungumzo yanayohifadhiwa kwenye akaunti ya Google au ya Apple hayafungwi kwa ulinzi ule ule mpaka mtumiaji mwenyewe awashe mpangilio unaohusika, uliopatikana tangu mwaka 2021. Naona ulipaswa kuwa umewashwa tangu mwanzo. Anayeuwasha kwa nywila aiweke mahali salama, kwa sababu akiisahau kampuni haina uwezo wa kumrudishia nakala hiyo.

Kuhusu ukubwa wa kundi, kiwango cha juu ni watu 1,024, idadi isiyo na maana yoyote kwa kazi ninayoieleza hapa. Katika kundi la watu wengi hakuna atakayesema kwamba mtoto wake amefukuzwa shule au kwamba yeye mwenyewe hapati usingizi, kwani hajui ni nani anasikiliza. Wachache wanaojuana kwa sura na tabia wanatosha. Ujumbe unaotoweka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 unafaa sana hapa, na mimi huchagua siku 7, muda unaotosha kwa aliyechelewa kusikia, huku ukizuia machungu ya mwezi uliopita yasimsubiri mtu kila anapofungua simu. Tangu mwaka 2022 anayetoka kundini huonekana kwa wasimamizi pekee badala ya kutangazwa kwa wote, jambo linalomstahi aliyechoka, ingawa jina lake hubaki kwa siku 60 katika orodha ya waliowahi kuwa wanachama.

Kwa marafiki wanaoaminiana, basi, naipendekeza huduma hii bila kusita. Kwa mtu ambaye tatizo lake liko ndani ya nyumba anamoishi, na ambaye simu yake hushikwa na wengine, naipendekeza kwa masharti. Afunge mazungumzo hayo kwa kutumia uwezo wa kuyafunga ulioanza mwaka 2023, kisha aweke msimbo wa siri ili hata folda yake isionekane kwenye orodha. Azime uonyeshaji wa ujumbe kwenye skrini iliyofungwa. Zaidi ya yote, afungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na kuondoa kompyuta au simu yoyote asiyoitambua, kwa sababu kifaa kilichounganishwa hupokea kila ujumbe kama simu yake mwenyewe inavyoupokea, na ukaguzi huo haumchukui hata dakika moja.