Tiketi ya staff Mwanza–Dar: miaka sita ya kusubiri jina langu liitwe

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Naanza na maksi kabisa, maana kila nikirudi nyumbani Kirumba swali ni lile lile, kwa majirani na hata kwa konda wa daladala aliyeona kitambulisho shingoni mwangu: "Dada, eti ninyi mnapanda ndege bure?"

Bure haipo. Nafanya kazi kaunta ya abiria Dar es Salaam, huu mwaka wa sita, kwenye shirika ambalo silitaji kwa kuwa ugali wangu bado unatoka huko. Kwa muda huo nimesafiri kwa tiketi za wafanyakazi kati ya Dar na Mwanza mara ishirini na kitu. Zote nimeziandika kwenye daftari. Mara saba nilibaki uwanjani nikiitazama ndege ikipaa bila mimi.

Tiketi yetu ya kawaida inaitwa ID90. Unapunguziwa asilimia 90 ya nauli, unalipa kumi iliyobaki. Tozo za kiwanja unalipa kama abiria mwingine yeyote, kwa hiyo kwa safari ya ndani tozo zinaweza kukaribia hiyo kumi unayolipa au kuipita. Baada ya ID90 kuna herufi R na namba, na hapo ndipo wageni wanapopigwa chenga. R1 maana yake kiti umeshikiwa. R2 maana yake subiri, kikibaki kiti utaitwa. R1 tunapewa kwa kijiko, moja ukienda likizo ya mwaka basi. Nyingine zote ni R2, yaani standibai.

Ukiwa na R2 unaanza kuishi kwa lodi. Lodi ni hesabu ya viti vilivyouzwa na vilivyobaki, nasi tunaichungulia usiku wa kuamkia safari kama mvuvi anavyochungulia mawingu. Uwanjani unaripoti mapema, unaambiwa ukae pembeni, kaunta ikishafungwa ndipo majina yanaanza kusomwa. Anaanza anayesafiri kikazi, anafuata aliye likizo, halafu sisi tunaosafiri kwa mambo yetu, halafu wazazi na wenza wetu, na mwisho wafanyakazi wa mashirika mengine. Mkilingana daraja, kwetu wanaangalia nani ana miaka mingi kazini. Kuna mashirika yanayoangalia nani kawahi kuripoti, na mimi ningependa huo mtindo, maana kuna mzee mmoja wa idara ya mizigo ana miaka ishirini na tisa kazini na kwao ni Sengerema. Tukikutana Ijumaa moja huwa najua nani anabaki.

Sasa niwasimulie Aprili mwaka juzi.

Nilikwenda Mwanza siku tatu kumwona mama. Kurudi nikajipanga na ndege ya jioni, ile ya pangaboi yenye viti 76. Usiku nikaangalia lodi: viti saba vitupu, na kwenye orodha ya standibai tulikuwa watatu. Kwa mtu wa kazi hii, saba kwa watatu ni kama umeshakaa na mkanda umefunga. Asubuhi nikapita soko la samaki la Mwaloni nikanunua sato wakubwa, wakaparwa magamba na kutolewa matumbo palepale, nikawapanga na barafu kwenye boksi jeupe, nikalizungushia selotepu mpaka likawa kama limevunjika mguu. Kilo kumi na nane.

Mzigo wa standibai haupandi mkandani mpaka mwenyewe aitwe, kwa hiyo boksi lilikaa miguuni pangu. Saa 11 jioni joto lilikuwa bado halijavunjika. Kona moja ya boksi ikaanza kuvuja. Maji yenye harufu ya ziwa yakafuata mshono wa vigae, taratibu, yakielekea kwenye kiatu cheusi cha msimamizi wa zamu. Nikaweka mguu kuyazuia, nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu.

Kaunta ikafungwa. Abiria wawili hawakutokea, viti vikawa tisa. Likaitwa jina moja tu, la fundi wa ndege aliyekuwa anarudi kazini. Nikangoja la pili. Msimamizi akanifuata akanong'ona, "Dada, viti vipo. Uzito haupo."

Mimi mabegi nayapima kila siku, lakini uzito sikuwahi kuufikiria nikiwa upande wa anayebaki. Dar jioni ile ilikuwa inanyesha masika ya kweli. Rubani akitarajia hali mbaya huko anakokwenda, anabeba mafuta ya ziada ya kuzunguka angani na ya kwenda kutua kwingine ikishindikana, Zanzibar au Kilimanjaro. Mafuta yana kilo. Mwanza nayo iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na ikichomwa na jua mchana kutwa inakuwa nyepesi zaidi, kwa hiyo mabawa na injini havipati nguvu ile ambayo vingepata pwani asubuhi. Ongeza na mizigo iliyolipiwa: minofu ya sangara, mabondo, magunia ya dagaa. Kilo zinaisha kabla ya viti, na zikiisha, anayeachwa chini kwanza ni R2.

"Nikiliacha boksi?" nikauliza.

"Boksi kilo kumi na nane. Wewe kilo ngapi?"

Tulicheka wote wawili, yeye zaidi yangu.

Nikarudi Kirumba kwa bodaboda, samaki mapajani. Mama hakuuliza kitu. Alichukua kisu, akakata selotepu, akawasha mkaa, na usiku ule nyumba tatu zilikula sato niliokuwa nimewapangia watu wa Tabata, Dar. Zamu yangu ilikuwa saa 11 alfajiri. Nilimpigia mwenzangu anishikie, akakubali kwa masharti ya zamu mbili kwa moja. Asubuhi nikakata tiketi ya bei kamili, ile ya dakika za mwisho ambayo mimi mwenyewe huwauzia watu kwa uso mkavu. Bei yake ilimeza vyote nilivyookoa mwaka mzima.

Tangu hapo siendi uwanjani bila nauli ya basi kwenye pochi. Nikibakia, nalala, asubuhi niko stendi ya mabasi Nyegezi. Ni zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma, na mgongo wangu unazijua zote. Kitu kimoja kimenisaidia: tangu 2024 treni ya SGR inatembea kati ya Dodoma na Dar, kwa hiyo nikiona saa zinaruhusu nashuka Dodoma namalizia kwa treni. Siku moja hesabu hiyo iliniwahisha zamu nikiwa nimebakiza dakika arobaini za kuoga.

Nyota moja nzima nimeikata kwa sababu ya mama. Wazazi wanaruhusiwa kutumia tiketi hizi, na kwa karatasi ni jambo zuri sana. Mara ya kwanza kumleta Dar peke yake, alifika uwanjani saa nne kabla ya ndege kuondoka, kavaa kitenge kipya, kiatu cha kanisani. Akaambiwa "mama kaa pembeni", basi, hakuna aliyemweleza zaidi. Akaona watu waliokuja nyuma yake wanapimiwa mabegi, wanapewa karatasi zao, wanapita. Akanipigia kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, wamenijua."

"Wamekujua nini mama?"

"Kwamba sijalipa."

Nilikuwa kaunta, nina foleni mbele yangu, na nilikuwa nimetoka kumwambia mtu mzima mmoja maneno hayohayo, kaa pembeni. Mama aliitwa wa mwisho, akapewa kiti cha nyuma kabisa jirani na choo. Ananisimulia kwamba mhudumu alipomletea maji alimwambia "wabeja", yaani asante, na yule binti akamjibu kwa Kisukuma, ndipo roho ikatulia. Siku hizi namwandikia kikaratasi cha kuonyesha kaunta: mimi ni mzazi wa mfanyakazi, nasubiri nafasi, nikibaki nipigieni namba hii. Na kwangu pale Dar, mzazi wa standibai namtafutia kiti cha kukaa kabla sijamwambia pembeni.

Kuna masharti mengine ambayo shirika halicheki nayo. Uvae kama mtu anayekwenda ofisini, hata kama nyumbani unakwenda kuvua furu na wadogo zako. Usimsimulie jirani yako wa kiti umelipa ngapi, maana yeye kalipa yote. Usigombe kaunta. Tiketi usimuuzie mtu, hiyo ni kazi imekwisha siku hiyohiyo. Na ndugu yako akifanya fujo ndani ya ndege, anayefungiwa safari ni wewe.

Sasa jampsiti. Mjomba wangu wa Igoma ana dawa ya kila shida yangu: "Si uongee na rubani akupachike mbele? Mnafanya kazi pamoja!" Anakizungumzia kile kiti cha kukunja kilicho nyuma ya marubani wawili. Nimekiona kwa macho. Ni chembamba, mgongo umesimama wima, kina mikanda ya mabega na barakoa yake ya oksijeni pembeni. Mjomba anakichukulia kama kigoda cha mbele cha kwenye Hiace, anapokaa shemeji wa dereva.

Kile kiti ni cha mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, cha rubani anayepima wenzake au anayejifunza njia, cha mtu ambaye jina lake limo kwenye taratibu za shirika zilizokubaliwa na Mamlaka. Dada wa kaunta hayumo. Na hata aliyemo, rubani mkuu akisema hapana ni hapana. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kanuni za kimataifa zilitaka ndege kubwa za abiria, zenye viti zaidi ya 60, ziwe na mlango wa chumba cha marubani usiopenyeka kirahisi, kuanzia Novemba 2003. Hata pangaboi yetu ya viti 76 imo humo.

Viti vya kukunja vya wahudumu navyo mjomba alivipigia hesabu, akakosea. Kawaida ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50 vya abiria, na anakaa jirani na mlango kwa sababu ndege ikipata shida yeye ndiye wa kuufungua. Ukinikalisha mimi hapo, nitafungua nini?

Marekani ndiko hadithi ya mjomba ina ukweli kidogo. Kule marubani wengi wanaishi mji mmoja na kufanyia kazi mwingine, wanakwenda kazini kwa jampsiti, hata kwenye ndege za shirika jingine. Wana mfumo wa kompyuta unaothibitisha kwamba mtu ni rubani kweli na bado ameajiriwa, halafu anakwenda mwenyewe kwa rubani mkuu kuomba kwa adabu. Na bado mambo hutokea. Oktoba 22, 2023, rubani asiye kazini aliyekuwa jampsiti kwenye ndege ya kwenda San Francisco alijaribu kuvuta vishikio vya kuzimia moto wa injini, ambavyo hukata na mafuta. Wenzake walimzuia, wakatua Portland. Nilipomsimulia mjomba alinyamaza kidogo, akasema basi hata wewe mpwa wangu nisingekuweka.

Tiketi za mashirika mengine, zile za ZED, sina mengi ya kusema. Bei inafuata umbali, zina ngazi tatu, ya chini, ya kati na ya juu kulingana na makubaliano ya mashirika. Nimezitumia mara mbili kwenda Nairobi, zikanifikisha. Ukienda nazo mbali, hakikisha pesa ya hoteli unayo, maana ugenini hakuna mama wa kukuwashia mkaa.

Anayeanza nimpe siri moja ya njia hii. Desemba, kuanzia tarehe 18 hivi, usijaribu kwenda Mwanza kwa R2. Kanda ya Ziwa yote inarudi nyumbani. Lakini ndege hizohizo zinazoshusha watu Mwanza zinarudi Dar zina nafasi tele, na wiki ya kwanza ya Januari mambo yanageuka kinyumenyume. Mimi Krismasi naila Novemba. Mama alinuna mwaka wa kwanza, sasa kazoea, kuku anamchinja nikifika. Na nikitoka na samaki, nachukua ndege ya asubuhi, hewa ikiwa bado ya baridi, boksi halizidi kilo kumi.

Jumatano nakwenda tena Mwanza. Lodi ya leo ni viti kumi na moja, standibai tuko wanne, na yule mzee wa Sengerema yumo.