Dagaa: mchangani au kwenye chanja?

Ukifika Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi utakuta dagaa wa aina mbili, na bei zao hazilingani. Wa kwanza wameanikwa mchangani, ambako hulipii chochote zaidi ya nguvu zako. Kwa mama anayeanza na ndoo tatu, hilo si jambo dogo. Lakini mchanga hauishi hata upepete vipi, kuku na mbwa wanapita juu, na mvua ya masika ikishuka ghafla mzigo unaloa na kuoza. Dagaa wengi wa hivyo huishia kwenye chakula cha kuku.

Wa pili wameanikwa kwenye chanja, yaani jukwaa la kuanikia lililoinuliwa juu ya ardhi. Chanja inataka nguzo, fito na wavu, na wavu huchakaa. Ila hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka upesi wakiwa safi, na wingu likitanda unafunika turubai. Mnunuzi wa chakula cha watu huwatafuna hapo hapo; wakikwaruza meno, anaondoka.

Mimi ningejenga chanja moja kwanza, dagaa wengine wabaki mchangani mpaka faida ilete ya pili. Na usiku wa giza, wavuvi wa taa wanapoleta mzigo mwingi, usirundike: tabaka nene halikauki.