Gari la Spoti la Vitofali: Lipi Ununue Ukiwa Dodoma

Muuza magari ya kujenga kwa vitofali vya plastiki atakutajia idadi ya vipande kabla hujauliza: hili lina mia tisa, lile elfu tatu na ushee. Muulize jambo jingine. Gari likishakamilika, ukiliweka mezani ukalisukuma taratibu, ndani yake kinazunguka nini?

Nimekulia pembeni ya gereji ya malori hapa Dodoma, baba akiwa fundi. Alinieleza kazi ya difu, zile gia zinazogawa mzunguko kwa tairi la kulia na la kushoto, mara nyingi sana nami nikaitikia kwa adabu bila kuelewa, maana difu ya lori imefungiwa ndani ya chuma na oili. Nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima na familia yangu, mezani kwangu, nikiwa na gia za plastiki zenye ukubwa wa kifungo cha koti. Ukizuia tairi la kulia huku ukizungusha shafti, la kushoto linakwenda kasi maradufu. Ukiachia yote mawili, yanakwenda sawa. Siku ile nilimpigia mzee simu. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuangalia gari linakufundisha nini kwa pesa unayotoa, na kama litastahimili vumbi na jua la huku kwetu.

Karibu yote nitakayoyataja ni ya LEGO, kampuni ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 1932. Kitofali chake cha kubanana kilisajiliwa kwa hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1958, na mfululizo wake wenye gia na shafti, Technic, ulianza 1977. Bei nitakazotaja ni za Marekani siku seti ilipoingia sokoni. Hapa ongeza usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na faida ya aliyekuagizia.

1. Bugatti Bolide (namba 42151, vipande 905)

Hili ndilo ningemwambia mtu anunue kwanza. Lilitoka 2023 kwa dola 49.99. Lina usukani unaogeuza matairi ya mbele, milango inayofunguka kwenda juu, na injini ya W16, yaani ya silinda kumi na sita, ambayo pistoni zake hupanda na kushuka unapolisukuma. Bolide lenyewe, la chuma, ni gari la kukimbia uwanjani tu, na Bugatti ilipanga kutengeneza 40.

Mpwa wangu wa miaka kumi na miwili alilimaliza kwa Jumamosi mbili. Jumamosi ya kwanza tulilala na tatizo: pistoni ziligoma. "Mjomba, tumevunja," akasema. Hatukuwa tumevunja kitu. Tulikuwa tumechanganya pini. Kwenye Technic pini nyeusi fupi zina vijongo vidogo vya kushika, zimekusudiwa kukaza. Zile za kijivu au rangi ya mchanga ni laini, zimekusudiwa kuzunguka. Ukiweka nyeusi mahali pa laini, mtambo unakuwa mzito kama mlango uliovimba kwa mvua. Tulibomoa hatua kumi na moja kurudi nyuma. Tangu siku hiyo kila tukiweka gia mpya tunazungusha shafti kwa vidole kabla ya kufunika, na hakuna ushauri mwingine kwenye ukurasa huu ninaouthamini kuliko huo.

Likikosekana, Lamborghini Huracán Tecnica (42161, vipande 806, la mwaka 2023) ni ndugu yake wa karibu. Lina injini ya V10 yenye pistoni zinazotembea, rangi ya machungwa, na bei ya kuanzia ilikuwa ileile.

2. Lamborghini Sián FKP 37 (42115, vipande 3,696)

Hapa tunaingia kwenye magari makubwa, ya kipimo cha moja kwa nane, yaani gari la kweli lina urefu mara nane ya hili la mezani. Wengi huchagua moja kati ya manne: Bugatti Chiron la 2018 (vipande 3,599), hili Sián la 2020, Ferrari Daytona SP3 la 2022 (3,778) na McLaren P1 la 2024 (3,893). Vipande vinaongezeka karibu kila toleo, na usidhani basi kwamba la mwisho ndilo bora. Nachagua Sián kwa sababu ya kilichomo tumboni.

Lina giaboksi ya gia nane. Unabadilisha kwa kidude kilicho nyuma ya usukani, na ukisukuma gari kwenye gia ya kwanza kisha ya nane, unaziona pistoni za V12 zikibadilisha mwendo huku matairi yakienda vilevile. Nguvu inafika matairi yote manne, kwa hiyo kuna difu mbele na difu nyuma. Na kinachonipendeza kuliko vyote ni mpangilio wa ujenzi: unaanza na giaboksi na difu, gari likiwa bado mifupa mitupu, na kwa siku kadhaa unaishi na mtambo usio na bodi. Mzee wangu alipokuja kututembelea alikaa nao jioni nzima. Alikuwa akihesabu meno ya gia na kutuambia gia ya ngapi ni nzito. Hakuuliza hata mara moja gari lenyewe litakuwa la rangi gani.

Ni la kijani cha ndimu, rimu za dhahabu. Lile la kweli lilitengenezwa mara 63 tu, na herufi FKP ni za Ferdinand Karl Piëch, aliyezaliwa 1937, ndiyo maana ya 37.

Bei ya kuanzia ilikuwa dola 379.99. Sitajaribu kuipunguza makali, ni pesa ya mabati ya chumba kizima. Nunua kama umeshajenga moja dogo ukalipenda hadi mwisho, na kama una meza ambayo hutahitaji kuihamisha kwa wiki mbili au tatu. Likishakamilika lina urefu wa sentimita 60 hivi. Daytona ni zuri kwa anayependa Ferrari, nalo lina gia nane. McLaren lina gia saba. Chiron halitoki tena kiwandani, na wenye maboksi wanajua, wanapandisha bei, kwa hiyo usikimbilie.

3. Porsche 911 (10295, vipande 1,458)

Kwa macho, hili ndilo zuri kuliko yote. Mgongo wa 911 umetokea sawasawa, na boksi moja linakupa hiari ya kujenga toleo la Turbo au la Targa, lile lenye paa la kutoa. Lilitoka 2021 kwa dola 149.99. Usukani unafanya kazi, viti vinalala, na nyuma kuna umbo la injini ya silinda sita zilizolala. Nasema umbo, kwa sababu halizunguki. Ndiyo maana limekuja la tatu.

Jambo la pili ni rangi. Ni jeupe, na plastiki nyeupe ya ABS, ambayo ndiyo ya vitofali hivi, hubadilika kuwa njano ikikaa kwenye jua. Sebule nyingi za huku zina dirisha linalopigwa na jua tangu saa nne hadi magharibi. Ukilinunua, liwekee ukuta ambao jua haliufikii.

4. Vigari vya Speed Champions

Vina vipande mia mbili na kitu hivi, upana wa vijongo vinane, yaani sentimita 6.4. Ferrari 812 Competizione (76914, vipande 261) ni mfano mzuri. Hakuna usukani unaogeuza matairi, hakuna injini inayozunguka, unamaliza jioni moja. Zawadi nzuri kwa mtoto, basi.

Kuhusu kopi

Hataza za zamani zimekwisha muda, na kampuni nyingine zinatengeneza vitofali vinavyoingiliana na vya LEGO kihalali. CaDA ya China, kwa mfano, ina miundo yake yenyewe ya magari. Ninachokukataza ni boksi lisilo na jina la mtengenezaji, lenye picha ya Lamborghini na bei ya robo. Nililinunua moja kupitia mtu wa kati. Mifuko haikuwa na namba, na gia mbili za giaboksi hazikuwemo. Gari lilibaki nusu, na mtoto alilia. Gia mbili tu, lakini bila hizo shafti haina pa kushika, na aliyeniuzia hakupokea simu tena.

Ukiagiza, mwambie wakala akutumie picha ya boksi pande zote, namba ya seti ionekane na gundi za kufungia ziwe hazijaguswa. Pima na uzito kama unaweza. Kwenye seti iliyokwisha kufunguliwa, kitabu kikikosekana si hasara, maana LEGO huweka maelekezo mtandaoni bure. Mfuko ukikosekana ndiyo hasara. Vipande kimojakimoja vinapatikana BrickLink, soko la mtandaoni la vitofali, ila nauli ya kipande kimoja hadi Dodoma inaweza kuzidi bei yake mara nyingi.

Kujenga na kutunza huku kwetu

Trei za mayai ni bora kuliko bakuli kwa kupanga pini na gia, mashimo 30 kwa trei moja. Funga dirisha la upande wa upepo, hasa Julai na Agosti. Boksi lisibaki ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Vumbi litokalo barabarani huingia kwenye gia likachanganyika na mafuta ya vidole. Piga brashi laini kila wiki. Ukilazimika kuosha, bomoa, tumia maji yasiyozidi nyuzi 40, na vipande vyenye stika viweke kando. Lakini dawa hasa ni sanduku la kioo. Fundi wa madirisha ya alumini anaweza kukutengenezea kwa mabaki ya vioo vyake; kwa Sián mwambie urefu sentimita 68, upana 32, kimo 22, na upande mmoja ufunguke, ili mzee akija aweze kulitoa na kulisukuma.