Matembezi ya jioni jijini Roma: nani alimuua Juan Borgia?

Matembezi haya ya kuongozwa huchukua saa mbili na nusu kwa miguu, na mada yake ni moja tu: mauaji ya Juan Borgia, Duke wa Gandia na mtoto wa Papa Alexander VI, ambayo hadi leo hayajapata mwenyewe. Tulikuwa watu 11.

Tulianzia karibu na kanisa la San Pietro in Vincoli, upande ambako mama yake Juan, Vannozza dei Cattanei, alikuwa na shamba la mizabibu. Huko ndiko Juan alikokula chakula cha jioni tarehe 14 Juni 1497 pamoja na nduguye, Kardinali Cesare, kabla ya kuagana na wenzake njiani na kuondoka na mtu aliyejifunika uso. Sehemu hii ilivutwa mno, na kifaa cha kusikilizia nilichopewa kilikatika mara tatu.

Utamu wenyewe uko mtoni. Mwongozaji alitusimamisha jirani na kanisa la San Girolamo, akatusomea kutoka katika shajara ya Johannes Burchard, msimamizi wa sherehe za Papa, ushahidi wa Giorgio Schiavi, mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa akilinda mali yake usiku ule, akamwona mtu aliyepanda farasi mweupe amebeba maiti nyuma yake, kisha maiti hiyo ikarushwa majini na joho lililoelea likapigwa mawe hadi likazama. Alipoulizwa kwa nini hakutoa taarifa, alijibu kwamba alikwisha kuona maiti zipatazo 100 zikitupwa pale, wala hakuna aliyewahi kuziulizia. Kuta za mawe zilizojengwa baada ya mafuriko ya 1870 zimeumeza ukingo wa zamani, hivyo tulichungulia Tiber kutoka juu tu, lakini jibu la yule muuza mbao lilitunyamazisha sote.

Hapo ndipo mwongozaji alipotuzungushia mfuko wa ngozi wenye sarafu 30 za kuigiza. Juan aliopolewa tarehe 16 Juni akiwa na majeraha tisa, koo likiwa limekatwa, na dukati zake 30, yaani sarafu za dhahabu, zikiwa hazijaguswa. Nilipoushika mfuko ule na kuusikia uzito wake, sikuhitaji kuelezwa kwamba mwizi asingeuacha.

Lalamiko langu kubwa ni hukumu. Mwongozaji alimtia Cesare hatiani kwa mbwembwe nyingi, na kisa cha kikulacho ki nguoni mwako ni kitamu kweli, ila uvumi juu ya Cesare ulienea miezi kadhaa baadaye. Akina Orsini, ukoo wa makabaila wa Roma, walipewa dakika mbili, ilhali jeshi la Papa lililokuwa chini ya Juan lilipigana nao mjini Soriano Januari ya mwaka uleule, na mkuu wao, Virginio, akafia kifungoni Napoli mwezi huohuo. Kardinali Ascanio Sforza, mshukiwa mwingine, alitajwa kwa jina tu. Aidha, nilitarajia kusikia kwa nini Papa, aliyekuwa na uwezo wa kupekua kila jumba la Roma, aliacha upelelezi ufifie baada ya wiki chache. Nilipouliza, nilirudishwa kwa Cesare.

Tulimalizia nje ya Santa Maria del Popolo, alikozikwa marehemu, milango ikiwa imekwisha kufungwa. Atakayekwenda achague kundi la alasiri, na akikabidhiwa kifaa cha kusikilizia akijaribu kabla ya kuondoka.