Uzoefu wangu: picha ya kifua kwa filamu, CR, DR na mashine ya betri, Nyanda za Juu Kusini

Njia zote nne za kupiga eksirei nimezitumia katika vituo vya Mbeya na Njombe: filamu, CR (kaseti ya dijitali inayosomwa kwa leza), DR (paneli inayopeleka picha moja kwa moja kwenye kompyuta) na mashine ya betri ya kubebeka. Wanaouliza ipi nafuu huangalia bei ya mashine. Mimi nahesabu picha inayosomeka, kwa sababu ikirudiwa mgonjwa anapata mionzi mara mbili, na aliyetoka Makete analipa na nauli upya.

Filamu ya kusafisha kwa mkono haihitaji mtaji mkubwa, ila baridi yetu inaitesa. Developa, yaani dawa ya kusafishia filamu, inataka nyuzi 20 kwa takriban dakika 5. Juni na Julai maji ya bomba yako chini ya hapo, na dawa ikikaribia nyuzi 13, kemikali ya haidrokwinoni iliyomo karibu inaacha kufanya kazi. Picha inatoka hafifu, mapafu meupe-meupe, na msomaji anaweza kuandika nimonia ambayo haipo. Wengi hukimbilia kuongeza mionzi. Tafadhali msifanye hivyo. Weka tangi ndani ya beseni kubwa la maji ya uvuguvugu, koroga dawa, pima kwa kipimajoto, ndipo uzamishe filamu. Maji ya moto yasimiminwe kwenye dawa yenyewe, yataizimua.

CR inakuachia mashine yako ya zamani: unanunua kaseti zake na kisomaji cha leza, chumba cha giza unakifunga. Kwa hospitali ya wilaya yenye foleni ya wastani, ndiyo ninayoipendekeza. Kaseti zilizolala bila kutumika zifutwe asubuhi, maana bamba la ndani hukusanya mionzi ya asili na kuichafua picha. Bamba likikwaruzika, doa linajirudia mahali palepale kwa kila mgonjwa. Ukiliona, badilisha kaseti kabla hujaita ugonjwa. Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba kompyuta husawazisha mwanga, kwa hiyo mionzi iliyozidi haionekani kwa macho. Soma namba ya kipimo cha mionzi kwenye kila picha.

DR inaonyesha picha ndani ya sekunde chache, mgonjwa angali amesimama. Kasoro unairekebisha hapo hapo. Penye wagonjwa wengi hakuna inayoifikia. Hatari ni paneli kuanguka, kwani kuinunua upya ni gharama nzito. Na umeme unaocheza unahitaji stabilaiza.

Ila DR haiokoi picha iliyopigwa vibaya. Mgonjwa asimame, kifua kiguse kaseti, mabega yasogezwe mbele, umbali wa mashine hadi kaseti uwe sentimita 180, avute pumzi na kuishika. Hesabu mbavu za nyuma juu ya kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu): zikifika 9 au 10, pumzi imetosha. Ukimpiga amelala, umbali mfupi na mionzi ikitokea mbele, moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Maji ya kifuani nayo kwa picha ya wima ya mbele huonekana yakifika kama mililita 200. Machache kuliko hayo, ultrasaundi inayaona mapema zaidi. CT (eksirei inayopiga kifua vipande vipande) inaona mengi kuliko zote, lakini mionzi yake ni makumi ya mara ya picha ya kawaida, kwa hiyo isiwe hatua ya kwanza.

Vituo vinavyochapisha picha ya dijitali kwenye karatasi ya A4 kuokoa filamu vinapoteza thamani yote. Vinundu vya TB iliyosambaa vina milimita 1 hadi 3; kwenye karatasi, au kwenye picha ya simu, vinapotea. Omba CD.

Mashine ya betri yenye programu ya kusoma picha ni nzuri kwa uchunguzi wa TB vijijini, na Shirika la Afya Duniani (WHO) liliikubali programu ya aina hiyo mwaka 2021 kwa wenye miaka 15 na zaidi. Nguvu yake ndogo hurefusha muda wa kupiga, hivyo mtoto anayehangaika anatoka na ukungu. Kwa wachimbaji wa dhahabu wa Chunya, vumbi la mawe na makovu ya TB ya zamani hupandisha alama ambazo programu hutoa kuonyesha dalili za TB. Alama ikiwa juu, chukua makohozi yapimwe kwa GeneXpert (kipimo kinachotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB) kabla ya kuanza dawa.